Kompyuta Ndogo ya Mezani kwa Matumizi ya Nyumbani: Miezi Minane na ThinkCentre M720q

Kwa miaka mingi nyumba yetu, hapa Dar es Salaam, haikuwa na kompyuta yake. Kila aliyekuwa na fomu ndefu ya kujaza alikwenda steshenari, akapanga foleni, akamsomea mhudumu taarifa zake za siri mbele ya watu, kisha akalipia kujaziwa, kuchapiwa na kuskaniwa. Mpango huo ulitufaa hadi binti yetu alipofikia kuomba mkopo wa elimu ya juu, maana maombi hayo hujazwa mtandaoni, fomu yake huchapwa, husainiwa na kupakiwa tena kwenye mfumo, na kosa dogo la herufi katika jina humrudisha mwombaji nyuma. Baada ya safari ya nne ya steshenari kwa fomu ileile, mke wangu alisema fedha hizo zingekuwa zimeshaanza kununua mashine. Ndipo nilipoingia mitaani kutafuta kompyuta ndogo ya mezani, na maelezo haya yanatokana na kutafuta huko pamoja na miezi minane ya kuitumia niliyoichagua, Lenovo ThinkCentre M720q.

Ninaposema matumizi ya nyumbani nakusudia mambo mahususi: kuandika barua na kazi za shule, kutunza majedwali ya kikoba ambacho mke wangu ni mweka hazina wake, kujaza fomu za serikali na maombi ya kazi, kusoma mitihani ya miaka iliyopita, kutazama video za masomo na kuhudhuria mkutano wa mtandaoni mara mojamoja. Anayetaka kuhariri filamu au kucheza michezo mizito ya kompyuta atahitaji mashine ya aina nyingine, na ushauri wangu hautamfaa.

Wengi waliniuliza kwa nini sikununua laptopu. Laptopu iliyotumika mara nyingi huja na betri iliyochoka, kioo chake ni kidogo kwa mtu anayefanya hesabu za watu thelathini kwenye jedwali, na bawaba au kibodi ikivunjika gharama ya fundi hukaribia bei ya mashine yenyewe. Zaidi ya hayo, laptopu ya nyumba yenye watu watano haina makazi: leo iko chumbani, kesho kwa jirani, keshokutwa imeangukiwa na chai. Kompyuta ya mezani hukaa mahali pake, na kila kifaa kinachochakaa, kuanzia kibodi hadi kipanya, hubadilishwa kwa fedha kidogo.

Upungufu wa kompyuta ya mezani tuliyoizoea ulikuwa ukubwa wake na njaa yake ya umeme, na hapo ndipo aina hii ndogo inapoingia. M720q ina upana na urefu wa milimita 179 kwa 183 na unene usiofika sentimita nne, uzito wake ni kama kilo moja na theluthi hivi, yaani ni kitu cha ukubwa wa king'amuzi cha televisheni. Lenovo huziita mashine zake za umbo hili Tiny, HP huziita Mini, na Dell huziita Micro. Zote zilibuniwa kwa ajili ya ofisi, benki na hospitali zinazonunua mashine mamia kwa pamoja na kuzibadilisha baada ya miaka michache, na ndiyo sababu zinatufikia kwa wingi kama mitumba ilhali bado zina nguvu. Ubora wa kutengenezwa kwake ni wa kiofisi kweli: bati nene, feni imara, na skrubu moja tu nyuma inayofungua mfuniko mzima.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko mengine yote, nalo ni kizazi cha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Mashine ya kwanza niliyokaribia kuinunua, katika duka moja la Kariakoo ambalo sitalitaja, ilibandikwa karatasi iliyoandikwa "Core i5, mashine ya kazi". Ilikuwa safi, imefutwa ikang'aa. Nilipomuuliza muuzaji ni i5 ya kizazi gani alinijibu kwa upole, "Kaka, i5 ni i5 tu." Nilifungua ukurasa wa taarifa za mashine nikaona namba i5-4570T. Prosesa hiyo ni ya mwaka 2013 na, licha ya jina lake, ina viini viwili tu, yaani sehemu mbili tu za kufanyia kazi. M720q niliyoinunua baadaye ina i5-8500T, ya mwaka 2018, yenye viini sita. Karatasi za nje zingesomeka sawa kwa zote mbili, na tofauti ya bei niliyotajiwa ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu asiyejua angechukua ile ya kwanza akajiona ameokoa fedha.

Kuisoma namba hiyo hakuhitaji ufundi. Baada ya i3, i5 au i7 hufuata kistari, na tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi: 4570T ni cha nne, 6500T ni cha sita, 8500T ni cha nane. Kuanzia kizazi cha kumi tarakimu huwa mbili, kama ilivyo kwa 10500T. Herufi T mwishoni huonyesha kwamba prosesa imepunguzwa kasi ili matumizi yake yakae karibu na wati 35, na katika visanduku vidogo namna hii mara nyingi utaikuta hiyo. Si kasoro, bila hiyo joto lingeshinda feni ndogo iliyomo ndani.

Kizazi cha nane nacho nimekifanya mpaka wa chini kwa sababu nyingine. Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa prosesa za Intel hukubali rasmi kuanzia kizazi hicho, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, ambacho M720q inacho. Mtaani utaona mashine za kizazi cha nne au cha sita zikiendesha Windows 11 bila wasiwasi, kwa kuwa mafundi wanajua namna ya kuuruka ukaguzi wakati wa kuiweka. Muuzaji hatakuambia kwamba Microsoft haihakikishi masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na kwamba toleo jipya likitoka utalazimika kumrudia fundi arudie ujanja wake. Kwa nyumba ambayo malipo ya kodi na nywila za benki vitapita humo, sioni sababu ya kuanza safari na tairi iliyotoboka. Mwenye mashine ya zamani tayari asiitupe. Linux Mint, ambao ni mfumo endeshi wa bure, huendesha vizuri mashine za kizazi cha nne, na fomu nyingi za serikali hufunguka humo kwa kivinjari bila taabu.

Kati ya mashine za kizazi cha nane nilizokagua zilikuwamo HP EliteDesk 800 G4 Mini na Dell OptiPlex 3060 Micro, na kwa kasi hakuna mtu wa nyumbani atakayezitofautisha na M720q, kwa kuwa zote hupatikana zikiwa na prosesa ileile. Tofauti ziko kwenye chaja na matundu ya kuunganishia skrini. HP niliyoishika ilikuwa na matundu mawili ya DisplayPort bila la HDMI, ilhali Lenovo na Dell zilikuwa na moja la kila aina. Kwa sisi ambao tunaweza kutaka kuunganisha televisheni ya sebuleni, tundu la HDMI linaokoa gharama ya adapta. Kwa upande wa chaja, Dell huitambua chaja yake kwa pini ya mawasiliano na hulalamika ikichomekewa ya kubabaisha, huku ile ya Lenovo, yenye ncha bapa ya mstatili, ni jamaa ya chaja za laptopu za ThinkPad za miaka hiyo, ambazo mtaani zimejaa. Hilo la mwisho lilinivuta kuliko nilivyotarajia, kwa sababu katika nchi yenye umeme wa kuyumba kitu cha kwanza kufa ni chaja.

Ukaguzi dukani unastahili saa nzima, na muuzaji mwaminifu hatachoka. Nilianza kwa kuizima mashine na kuiwasha huku nikibonyeza F1, ambayo kwa Lenovo hufungua mipangilio ya ndani. Kwa HP ni F10 na kwa Dell ni F2. Lengo ni kuhakikisha kwamba ofisi ya zamani haikuacha nywila humo. Mashine yenye nywila ya aina hiyo itafanya kazi leo, lakini siku utakapotaka kubadilisha diski au kuweka mfumo upya utakuta mlango umefungwa, na kuufungua si kazi ya kila fundi. Kisha kuna mtego ambao nimeujua kwa kushuhudia yaliyompata mwenzangu kazini. Kampuni kubwa husajili mashine zake kwenye huduma ya usimamizi ya mtandaoni, na zikiuzwa bila kuondolewa kwenye usajili huo, siku utakapoiweka Windows upya na kuunganisha intaneti, skrini itakukaribisha kwa jina la kampuni ya nje na kukudai barua pepe ya kazi ambayo hunayo. Njia ya kugundua ni moja tu: mwombe muuzaji airudishe mashine kwenye hali ya mwanzo mbele yako, kisha uiunganishe na intaneti ya simu yako. Bando la megabaiti mia chache ni bei ndogo kwa usalama huo.

Baada ya hapo nilitazama RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi. M720q ina nafasi mbili za RAM ya DDR4, ya umbo lile la laptopu, na yangu ilikuja na kipande kimoja cha GB 8, jambo nililolifurahia kwa sababu nafasi ya pili ilibaki wazi. Miezi mitatu baadaye niliongeza kipande kingine cha GB 8, na kazi hiyo niliifanya mezani kwa bisibisi moja, mwanangu wa darasa la sita akinishikia tochi. GB 8 zilitosha kwa barua na majedwali. Binti yangu ndiye aliyezizidi kwa tabia yake ya kufungua kurasa ishirini za kivinjari kwa mpigo. Kwa diski, usikubali kubadilishiwa SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, ya GB 256 kwa diski ngumu ya kuzunguka ya GB 500 eti kwa kuwa ni kubwa zaidi. Diski ya kuzunguka itaifanya mashine ya viini sita iamke kama mzee mwenye baridi yabisi. M720q hupokea SSD ya aina ya M.2 upande wa chini, na pia ina nafasi ya diski ya inchi 2.5 juu, kwa hiyo mwenye picha nyingi anaweza kuwa na zote mbili.

Jambo lililonishtua nilipofika nyumbani lilikuwa Wi-Fi, yaani kutokuwepo kwake. Ofisi nyingi huunganisha mashine zake kwa waya wa mtandao, hivyo hununua matoleo yasiyo na kadi ya Wi-Fi wala antena, na mimi katika saa nzima ya ukaguzi nilitumia waya wa USB kupata intaneti ya simu bila kuligundua hilo. Nilinunua kipokezi kidogo cha Wi-Fi kinachochomekwa kwenye tundu la USB, kikamaliza tatizo, ingawa kadi ya ndani yenye antena yake ingekuwa nadhifu zaidi. Anayefuata nyayo zangu aulize mapema, na akiambiwa haipo aitumie kupunguza bei.

Skrini ni mada inayosahauliwa na wanaofurahia bei ya kisanduku. Skrini nyingi za mitumba za bei ya chini zina tundu la VGA, lile la bluu lenye pini kumi na tano, na M720q ya kawaida haina tundu hilo isipokuwa liwe limeongezwa kiwandani. Adapta kutoka DisplayPort kwenda VGA hupatikana, lakini ni afadhali kutafuta skrini yenye HDMI au DisplayPort tangu mwanzo. Nilichukua ya inchi 22. Kwa wanaotaka kutumia televisheni, wajue kwamba HDMI ya M720q ni ya toleo la 1.4, inayotosha kabisa kwa televisheni ya kawaida ya 1080p, lakini kwenye televisheni ya 4K picha zitakwenda 30 tu kwa sekunde na kipanya kitaonekana kama kinajikokota. Tuangalie pia kibodi: mitumba kutoka Ujerumani huja na Z mahali pa Y, na ile ya Ufaransa huanza kwa A mahali pa Q. Bei yake huwa ya kuvutia, na sababu yake ndiyo hiyo.

Kuhusu umeme, nilitumia kipimo kinachochomekwa ukutani. Mashine ikiwa imewashwa bila kazi ilivuta kati ya wati 9 na 11, na ikicheza video ilipanda hadi kati ya 18 na 25. Kompyuta ya zamani ya shemeji yangu, ile kubwa ya kusimama iitwayo mnara, ilivuta wati 62 ikifanya kazi hizohizo. Kwa saa sita kila siku, wastani wa wati 20 ni uniti 3.6 kwa mwezi, dhidi ya zaidi ya uniti 11 za mnara, na skrini huongeza kama uniti tatu au nne kwa kila upande. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa kwa nyumba iliyo kwenye kundi la LUKU la watumiaji wadogo, ambao hulipa bei nafuu mradi wasivuke uniti 75 kwa mwezi, kwani kila uniti inayozidi hapo hutozwa bei ya juu zaidi. Faida ya pili ni kwamba UPS ndogo, yaani kifaa cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, ambayo ingeshikilia mnara kwa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima, huishikilia mashine hii na skrini yake muda unaotosha kumalizia fomu na kuituma. Na UPS usiione kuwa ni anasa. Kompyuta hii haina betri. Taa ikipepesa mara moja, jedwali la kikoba ambalo halijahifadhiwa limekwenda.

Katika matumizi ya kila siku sina lalamiko kubwa. Inawaka haraka, haipigi kelele ila inapoweka masasisho, na hata katika joto la Februari haikujizima, ingawa nimeiweka mahali pa wazi na kuipuliza vumbi mara mbili. Video za YouTube hazimsumbui mtu. Kipengele kimoja cha kitaalamu ni kwamba sehemu yake ya picha haiwezi kufungua yenyewe video zilizobanwa kwa mfumo mpya wa AV1, hivyo prosesa hubeba mzigo huo na feni husikika kidogo. Spika ya ndani inatoa sauti nyembamba ya kusikia kengele za Windows tu. Kwa masomo tulinunua spika ndogo za USB. Matundu ya USB ni sita, mawili yakiwa mbele likiwamo moja la USB-C, lakini ukishachomeka kibodi, kipanya, printa, kipokezi cha Wi-Fi na spika, limebaki moja la flashi.

Wapo watakaopendelea kitu kipya chenye boksi lake. Visanduku vipya vyenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwaka 2023, ni vidogo zaidi, vinakula umeme kidogo zaidi, vinafungua AV1, na vingi vinakuja na Wi-Fi. Kwa kazi nilizozitaja vinatosha. Kilichonizuia ni kwamba N100 ina viini vinne vyepesi ambavyo nguvu yake haifiki ile ya 8500T, hutumia njia moja tu ya RAM, na baadhi ya visanduku hivyo RAM yake imechomelewa kwenye bodi, hivyo utakachonunua ndicho utakachozeeka nacho. Mac mini ya M4, iliyotoka Novemba 2024, inaiacha M720q mbali sana kwa kasi, lakini ilianza kuuzwa dola 599 huko Marekani kabla ya usafiri na kodi, na RAM yake haiongezwi. Kwa majedwali ya kikoba ni kumwita fundi wa ndege aje kufunga baiskeli.

Mimi nililipa Sh 480,000 kwa mashine na chaja, nje ya skrini, UPS na vile vidogo vidogo, na vyote kwa pamoja vilikaribia kuifanya bei hiyo iongezeke mara mbili. Hesabu hiyo ndiyo anayepanga bajeti aianze nayo, asiishie kwenye bei ya kisanduku. Waranti niliyopewa ilikuwa ya mwezi mmoja, imeandikwa kwa mkono nyuma ya risiti, nayo imekwisha zamani. Kwa hiyo kila Jumapili jioni, baada ya mke wangu kufunga hesabu za wiki, anahamishia jedwali la kikoba kwenye flashi na kuifungia kabatini pamoja na daftari la zamani, ambalo hadi leo amekataa kuliacha.